Soul na Roki Zilivyopita Pwani ya Wabajuni

Tarehe 21 Oktoba 1969 jeshi la Somalia lilitwaa madaraka mjini Mogadishu, na Meja Jenerali Mohamed Siad Barre akashika hatamu za nchi. Wiki chache baadaye, mwezi Novemba, Mkuu wa Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, Mustafa Songambele, alitangaza kwamba muziki wa soul umepigwa marufuku Dar es Salaam. Mambo hayo mawili hayakuhusiana hata kidogo. Lakini kwa kijana wa pwani aliyeshika gita huku sauti ya mwimbaji wa soul wa Marekani, James Brown, ikimvuma masikioni, yote mawili yaliamua atapiga nini, atapigia wapi, na vyombo vyake vitamilikiwa na nani.

Kati ya miji hiyo miwili upo ukanda ambao habari za muziki huuruka. Unaanzia Kismayo, unashuka kusini kwa visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, unapita Burgabo na kufika Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Ng'ambo ya mpaka kuna Kiunga, kisha Faza, Pate na Lamu. Wenyeji wa kale wa ukanda huo ni Wabajuni, wavuvi na mabaharia ambao Kibajuni chao ni tawi la Kiswahili. Hadi 1925 Jubaland yote, pamoja na Kismayo, ilikuwa sehemu ya koloni la Kenya. Mwaka huo Uingereza ikaikabidhi kwa Italia. Watu waliokuwa wamoja wakajikuta chini ya bendera mbili. Hata hivyo ndoa, biashara ya boriti na nyimbo viliendelea kuvuka mpaka kwa mashua, kusi na kaskazi.

Watu hao walikuwa mafundi wa kujifunza kwa sikio muda mrefu kabla gita halijafika. Wakulima wa Kibajuni wana vave, mfululizo mrefu wa nyimbo zinazoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma msitu uliofyekwa kwa ajili ya shamba. Wavuvi wana kimai, tungo za bahari na hatari zake. Hakuna aliyefundishwa vave kwa karatasi. Mtoto alikaa karibu na wakubwa, akashika kiitikio, mwaka uliofuata akaongeza ubeti, na baada ya miaka akaweza kuongoza. Mtindo huo wa kusikiliza, kukariri na kurudia ndio uliotumika baadaye kwa nyimbo zilizotoka Memphis na Detroit, Marekani.

Chombo cha nyuzi kilichoenea pwani hii kabla ya gita ni udi. Lamu ilimtoa Zein l'Abdin, aliyehamia Mombasa na kuwa mmoja wa wapigaji udi walioheshimika zaidi katika taarab. Kwa upande wa Wasomali, mtu anayeitwa baba wa muziki wao wa kisasa, Abdullahi Qarshe, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, akalelewa Aden, na akawa mpigaji wa udi. Aden, Lamu, Mombasa na Mogadishu zilikuwa bandari za njia moja ya meli na majahazi. Mpigaji wa udi wa mji mmoja alijua maqamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu, za mji mwingine, na mkono uliozoea kutafuta noti kwenye shingo ya udi isiyo na vigawanyo haukupata shida kubwa ulipokutana na gita.

Gita lenyewe lilipanda kutoka kusini na bara. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimkuta Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda alipiga gita kavu kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikichora sauti ya juu, huku akiimba kwa Kiswahili. Santuri zake zilienea hadi Kenya, na vijana wengi wakaanza kuiga mkono wake. Mombasa na Nairobi zikawa na mafundi wao: Fundi Konde, aliyetoka pwani na kuingiza gita la umeme katika nyimbo za Kiswahili, na Fadhili William, aliyerekodi "Malaika" akiwa na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Redio ya Sauti ya Mvita, iliyotangaza kutoka Mombasa, ilipeleka Kiswahili cha mwambao nje ya mipaka ya mji. Mvuvi wa visiwani mwenye redio ya betri hakuhitaji mkalimani kuielewa.

Kisha ikaja soul.

Mwaka 1965 James Brown alitoa "Papa's Got a Brand New Bag", na gita lililosikika ndani yake lilikuwa la Jimmy Nolen. Nolen hakupiga nyuzi ili zilie kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto ulizigusa bila kuzikandamiza mpaka chini, ukakaza kidogo, ukaachia mara moja. Mkono wa kulia haukusimama, ukikwangua juu na chini kwa mapigo ya haraka. Kilichotoka ni sauti kavu, fupi, karibu na ya ngoma kuliko ya udi. Mjini Memphis, Steve Cropper wa studio ya Stax alifanya kinyume: alipiga noti chache, akamwachia nafasi mwimbaji kama Otis Redding, na akaingia pale tu sauti ya mwimbaji inapopumua. Huo ndio mtihani uliomkabili kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kupiga nyimbo hizo. Vidole vingeweza kuzipata kodi, yaani noti tatu au nne zilizokamatwa pamoja, kwa jioni moja. Kujua wakati wa kunyamaza kulichukua miezi.

Walijifunzaje? Kwa santuri, kwanza kabisa. Santuri ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika. Ukiipunguza hadi 33, wimbo unakwenda pole na sauti inashuka kwa takriban nusutoni tano. Vidole vinapata nafasi ya kufuata, mradi mpigaji akumbuke kuupandisha tena wimbo kwenye ufunguo wake wa asili. Asiye na gramafoni alitegemea redio, na redio haimsubiri mtu. Hapo bendi iligawana kazi: mmoja akamate besi, mwingine solo, wa tatu maneno, kisha wakutane na kuunganisha vipande. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliianzisha mwaka 1963, ilipofika madukani miaka ya 1970, mambo yalibadilika kabisa, kwa kuwa sasa kijana aliweza kurudisha sekunde tatu zilezile mara hamsini. Nyuzi za gita zilikuwa adimu. Iliyokatika ilifungwa fundo, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kongo waya wa breki ya baiskeli ulifanya kazi ya uzi.

Maneno ya Kiingereza yalikuwa mtihani wa pekee. Wengi waliimba sauti za maneno bila kujua maana yake, na wasikilizaji hawakulalamika. Kilichowafurahisha kilikuwa mdundo, mavazi, na lile wazo kwamba mtu mweusi anaweza kusimama jukwaani mbele ya dunia nzima bila kuomba radhi.

Dar es Salaam ndiko soul ilikopata wafuasi wengi na maadui wenye nguvu. Mwalimu Nyerere alipokuwa rais mwezi Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza bungeni alisikitika kwamba vijana waliosoma wanajua twist na rock 'n' roll kuliko ngoma za kwao, akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Miaka sita baadaye Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na mikorogo ya kujichubua. Wakati huohuo bendi za vijana zilikuwa zimejaa mjini, zikipiga nyimbo za kopi katika madansi ya mchana wa mwisho wa wiki ambako wanafunzi walimiminika. Marufuku ya Novemba 1969 ilizilenga hizo. Walioiunga mkono walisema soul inaharibu watoto wa shule. Waliopinga waliuliza magazetini swali gumu: ikiwa tunakataza muziki wa wazungu, mbona huu ni wa watu weusi wa Marekani, wazao wa Waafrika, tena James Brown mwaka uliopita tu ameimba fahari ya weusi?

Swali hilo halikujibiwa na serikali. Lilijibiwa na wapigaji. Sunburst, bendi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1970, ilichukua gita na kinanda cha soul na roki, ikavitia ngoma na lugha za nyumbani, na mwaka 1976 ikatoa albamu yake "Ave Africa", iliyorekodiwa Zambia. Mkono uliojifunza kwa kuiga ulianza kutunga.

Mogadishu ilishika njia nyingine. Siad Barre naye alitaka utamaduni wa taifa, lakini badala ya kufungia gita la umeme, serikali yake ililiajiri. Bendi na vikundi viliwekwa chini ya wizara, jeshi au taasisi nyingine za dola. Waaberi lilikuwa kundi kubwa la taifa la waimbaji, waigizaji na wachezaji, lenye makao yake katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, uliojengwa kwa msaada wa Uchina na kufunguliwa mwaka 1967. Horseed ilikuwa ya jeshi. Iftin ilikuwa chini ya Wizara ya Elimu. Wapigaji walilipwa mshahara, walipewa vyombo, walirekodi katika studio ya Radio Mogadishu, na walitakiwa kutoa nyimbo za kuyasifu mapinduzi. Aliyevuka mstari aliadhibiwa. Maryam Mursal, mwimbaji wa Waaberi, alipoimba "Ulimada" mwaka 1986, wimbo uliochukuliwa kuwa unaikosoa serikali, alizuiwa kuimba, akaendesha teksi ili aishi.

Lakini mchana ulikuwa wa dola na usiku ulikuwa wa hoteli. Katika kumbi za hoteli za Al-Uruba, Jubba na Jazeera, bendi hizohizo zilipiga dansi hadi usiku wa manane kwa wenyeji na wageni. Hapo ndipo walipohitajika kujua nyimbo za dunia: soul, fanki, reggae, Santana, baadaye Michael Jackson. Wapigaji wa bendi za Iftin, Shareero ya Ahmed Naaji na Bakaka walizisikiliza, wakazishika, wakazipiga, kisha wakatoka nazo zikiwa na sura ya Kisomali.

Ipo sababu ya kimuziki iliyowarahisishia kazi. Muziki wa Kisomali umejengwa juu ya noti tano ndani ya oktavu. Solo nyingi za bluzi, soul na roki zimejengwa pia juu ya ngazi ya noti tano. Kijana wa Mogadishu aliyekulia katika nyimbo za udi alipoweka vidole kwenye gita la umeme na kufuata solo ya Marekani, alikutana na umbali kati ya noti alioujua tangu utotoni. Mdundo nao ulikuwa na jamaa. Wanamuziki wa Kisomali wamesema mara nyingi kwamba reggae ilipowafikia waliitambua haraka, kwa sababu inafanana na dhaanto, ngoma yao ya kale.

Pwani ya Kismayo ilikuwa na urithi mpana kuliko huo. Huko sikio lilikaa kwenye njia panda: noti tano za Wasomali wa bara upande mmoja, maqamu za udi na taarab kutoka Lamu na Aden upande wa pili, na kodi za dansi la Kiswahili kutoka Mombasa upande wa tatu. Mji wenyewe ulikuwa umefunguka. Bandari yake ya kisasa ilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, na vikundi vya dola kutoka Mogadishu, umbali wa kilomita 500 hivi kwa barabara, vilizunguka mikoani. Safari ya kwenda kusini kwa mashua ilimfikisha Mbajuni Lamu na Mombasa, ambako bendi za hoteli za ufukweni ziliishi kwa kupiga chochote mtalii anachoagiza. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa familia ya Harrison, ilikulia katika hoteli hizo kabla ya kutoa "Jambo Bwana" mwaka 1982. Taarab ya Mombasa nayo ilikwisha kukaribisha gita la besi na kinanda cha umeme, na mmoja wa waimbaji wake waliopendwa sana, anayejulikana kwa jina la Malika, ni mzaliwa wa Somalia.

Kilele cha kizazi hicho, kwa upande wa kaskazini, kilikuwa Dur-Dur Band ya Mogadishu, iliyoanzishwa miaka ya 1980 na mpiga kinanda Isse Dahir Qassim. Dur-Dur haikuwa ya wizara. Iliishi kwa viingilio na kaseti, na ilishindana na bendi za dola kwa ubora wa muziki wake peke yake. Albamu yao ya tano waliirekodi Radio Mogadishu mwaka 1987. Ndani yake sauti za Sahra Dawo na Abdinur Adan Daljir zinapokezana juu ya gita ambalo mpenzi wa James Brown atalitambua mara moja: kavu, fupi, lisilopoteza noti. Ila wimbo ni wa Kisomali kuanzia ushairi hadi ngazi ya noti. Miaka 20 ya kukopi ilikuwa imezaa muziki usioweza kutungwa mahali pengine popote.

Mwishoni mwa Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu, na vita vikameza nchi.

Kismayo iligombaniwa na makundi ya wapiganaji, ikatekwa na kutekwa tena. Wabajuni, jamii ndogo isiyokuwa na jeshi la ukoo la kuilinda, waliporwa nyumba, nyavu na mashua. Maelfu walikimbilia Kenya kwa bahari, wengi katika vyombo vilivyojaa kupita kiasi. Baadhi yao waliwekwa katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, hadi ilipofungwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Wengine wakaishia Uingereza, Yemen na Marekani. Wanamuziki wa Mogadishu walitawanyika vivyo hivyo: Sahra Dawo na Daljir walipitia Addis Ababa na hatimaye wakafika Columbus, jimbo la Ohio, na Maryam Mursal alifika Denmark pamoja na watoto wake.

Waliobaki walikuta hata kusikiliza kumekuwa kosa. Wapiganaji wa Kiislamu wa Al-Shabaab waliishika Kismayo mwezi Agosti 2008, na chini yao muziki ulikatazwa. Mwezi Aprili 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam, kundi jingine la aina hiyo, walizipa redio za Mogadishu siku kumi ziache kupiga nyimbo, na vituo vingi vilitii, hata muziki wa kufungulia taarifa ya habari ukaondolewa. Utawala wa Al-Shabaab mjini Kismayo ulifika mwisho kati ya Septemba na Oktoba 2012, majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali walipoingia mjini.

Kilichookoka kiliokolewa na watu wachache wenye moyo. Huko Hargeisa, kaskazini, kabla mji haujapigwa mabomu mwaka 1988, wafanyakazi wa redio na wapenzi wa muziki walificha kanda. Leo Redsea Cultural Foundation ya mji huo inahifadhi zaidi ya kaseti 10,000. Maktaba ya Radio Mogadishu ilinusurika vita vyote, ikilindwa na wafanyakazi wake. Kutoka katika hazina hizo dunia ilianza kusikia tena. Albamu ya tano ya Dur-Dur ilitolewa upya mwaka 2013. Mkusanyiko uitwao "Sweet as Broken Dates", wa mwaka 2017, uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Mwaka 2019 ukafuata "Mogadisco", na mwaka 2023 Dur-Dur Band Int., kundi lenye makao London, likatoa albamu mpya iliyorekodiwa Berlin.

Mikusanyiko hiyo ilitoka katika hazina za Mogadishu na Hargeisa. Kismayo na visiwa vyake bado havijapata jalada lao, ingawa sikio la watu wake lilikuwa na vyanzo vitatu pale wengine walipokuwa na kimoja. Hilo ni pengo la haki, si la muziki peke yake. Watu walionyang'anywa visiwa, mashua na nyumba hawapaswi kupoteza pia kumbukumbu ya jioni zao za dansi.

Kazi ya kuliziba pengo hilo haihitaji wizara wala mfadhili wa kigeni. Wabajuni waliokuwa vijana wakati wa Sunburst na Iftin sasa ni wazee wa miaka 70 na zaidi, na wengi wanaishi Mombasa, Malindi, Lamu na miji ya Uingereza. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani amkalishe, amwekee simu ya kurekodi mbele yake, amuulize aliisikia soul wapi, nani alimwonyesha kodi ya kwanza, na bendi gani ilipiga harusini kwake. Aliye na kaseti asiitupe wala asiiache iote ukungu kabatini. Aifikishe kwa mtu anayeweza kuihamishia kwenye kompyuta, na aandike juu yake majina ya wapigaji, mji na mwaka, maadamu wanaokumbuka wangali hai.